Mikeka ya Sumaku Nyumbani na Mzunguko wa Damu Miguuni: Hali ya Kilwa na Pwani ya Lindi

Maana

Tiba ya mapigo ya sumakuumeme hutumia umeme unaopitishwa ndani ya koili kwa mapigo ya kukatikakatika. Koili huzaa uga wa sumaku, na uga huo unapobadilika upesi huamsha mkondo mdogo sana wa umeme katika nyama za mwili zilizo karibu. Kanuni yenyewe ilionyeshwa na Michael Faraday mwaka 1831, na jenereta zote zinazozalisha umeme kwa gesi ya kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, zinaitegemea. Vifaa vya nyumbani huja kama mkeka, mto, mkanda wa goti au kibao cha kukanyagia. Vingi hutoa mapigo kati ya 1 na 100 kwa sekunde, na nguvu yake huanzia mikrotesla chache hadi militesla kadhaa. Uga wa sumaku wa dunia nzima, kwa kulinganisha, ni kati ya mikrotesla 25 na 65.

Tiba hii si uzushi. Katika miaka ya 1970 Andrew Bassett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliitumia kwa mifupa iliyovunjika ikagoma kuunga, na mwaka 1979 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaikubali kwa kazi hiyo. Mwaka 2008 mamlaka hiyohiyo ilikubali mapigo makali zaidi ya sumaku, yanayoelekezwa kwenye ubongo, kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa hazikuwasaidia. Vibali vyote viwili vilitolewa kwa ugonjwa unaojulikana, mgonjwa akiwa chini ya uangalizi wa daktari. Havikuhusu miguu kufa ganzi, kuvimba wala kupoa.

Damu, chuma na sumaku

Maelezo yanayotolewa wakati wa kuuza vifaa hivi ni mepesi kukubalika: damu ina chuma, sumaku huvuta chuma, kwa hiyo mkeka huvuta damu ikazunguka. Hoja hiyo haisimami. Chuma cha damu kimefungwa ndani ya himoglobini na hakina tabia ya msumari. Damu yenye oksijeni husukumwa na sumaku kwa udhaifu mkubwa, na ile iliyokwisha kutoa oksijeni huvutwa kwa udhaifu uleule. Mashine za MRI za hospitali kubwa, zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hufikia tesla 1.5 hadi 3, mara mamia au zaidi ya mkeka wa nyumbani, na mgonjwa hulala ndani yake bila damu yake kukimbilia upande wowote.

Wataalamu wenye hoja nzito zaidi husema mapigo huenda yakachochea seli kutoa naitriki oksaidi, kemikali inayotanua mishipa midogo. Hilo linawezekana, na tafiti ndogondogo zimeonyesha dalili zake. Kutoka hapo hadi kuponya mguu ni safari ndefu. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu vidonda vya miguu vitokanavyo na ubovu wa vena hayakupata ushahidi wa kuaminika kwamba tiba ya sumakuumeme huharakisha kupona. Kwa hali ilivyo sasa, kauli ya haki ni kwamba kifaa hiki kinaweza kumpa mtu nafuu ya maumivu kwa muda, na hakijathibitishwa kurejesha mzunguko wa damu ulioharibika.

Mguu ambao haujaangaliwa

Kama tatizo lingekuwa fedha zinazopotea tu, mada hii ingeishia hapo. Msimu wa ufuta na wa korosho, watu wanapokuwa na fedha, ndio msimu wa biashara zote Lindi, na mtu mzima ana haki ya kutumia pesa yake apendavyo. Tatizo kubwa ni kwamba mkeka huwashwa kabla mguu haujaangaliwa. Nyumbani hakuna aliyeuangalia, na mara nyingi mno, jambo ambalo watoa huduma wenyewe hawana budi kulikubali, hata zahanati haikuuangalia. Mgonjwa wa sukari hupimwa sukari, huandikiwa dawa na kurudi kwao akiwa amevaa viatu vyake tangu alipoingia hadi alipotoka.

Malalamiko yanayofanana hutokana na magonjwa yasiyofanana. Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye maumivu kwenye shavu lake, hasa baada ya kujifungua, kuvunjika au kulala kitandani siku nyingi, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya vena. Bonge hilo likimeguka huenda mapafuni na kuua. Mguu wa namna hiyo haukandwi, hauwekwi kwenye mkeka, na hausubiri kesho. Miguu yote miwili inayovimba kuelekea jioni, kwa mtu anayehema akilala chali, inaelekeza kwenye moyo au figo. Mguu wa baridi, usio na vinyweleo, unaouma mtu akitembea na kutulia akisimama, unaashiria ateri zilizoziba. Huyo akiambiwa ainue miguu juu ya mto, kama anavyoambiwa mwenye vena mbovu, huumia zaidi. Mguu unaowaka moto usiku kisha ukafa ganzi, kwa mtu mwenye kisukari, ni mishipa ya fahamu. Damu inaweza kuwa inazunguka vizuri kabisa.

Huyu wa mwisho ndiye aliye hatarini zaidi. Mikeka mingi ya sumaku huuzwa ikiwa na kazi ya kupasha joto. Mguu uliokufa ganzi hausikii joto hilo. Mgonjwa huamka na malengelenge asiyoyajua, lengelenge hupasuka, na katika wiki chache kinachoonekana ni donda ndugu. Hata kifaa kisichopasha joto kina madhara yake, kwa kuwa huahirisha safari ya kwenda hospitali: mgonjwa huambiwa na muuzaji aendelee kwa miezi mitatu, na ganzi ikizidi huambiwa ni sumu zinatoka.

Ukubwa wa kundi lililo hatarini unajulikana. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa STEPS wa mwaka 2012, kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takribani 9% wana kisukari na takribani 26% wana shinikizo la juu la damu, wengi wao wakiwa hawajui. Jijini Dar es Salaam, daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wameandika kwa miaka mingi kuhusu wagonjwa wa kisukari wanaofika hospitali mguu ukiwa umekwisha kuoza, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania na India zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za mradi wa Step by Step uliofundisha madaktari na wauguzi kutunza miguu hiyo. Funzo lake lilikuwa jepesi kueleza: viungo vingi hukatwa kwa sababu ya kuchelewa, na mara nyingi kuchelewa huanza mahali ambapo mguu haukuangaliwa.

Kuangalia mguu hakuhitaji mashine. Mapigo ya ateri hutafutwa kwa ncha za vidole mahali pawili: mgongoni mwa mguu, na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Ganzi hupimwa kwa uzi maalumu wa nailoni wa gramu 10. Mshipi wa kuvulia haushiki nafasi yake, hata ukifanana nao, kwa kuwa haukutengenezwa upinde kwa uzito huo. Zahanati isiyo na uzi huo ina njia nyingine, iliyobuniwa Ipswich, Uingereza. Mgonjwa hufumba macho, mpimaji humgusa kwa wepesi kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili, sekunde moja au mbili kila kidole. Akikosa kusikia vidole viwili au zaidi kati ya sita, ulinzi wa mguu wake umepotea. Kipimo kizima huchukua dakika chache na hakigharimu kitu. Kutofanyika kwake hakuwezi kuelezwa kwa uhaba wa bajeti.

Matende

Pwani ya Lindi ina sababu nyingine ya miguu kuvimba ambayo wauzaji wa vifaa vya ughaibuni hawakuifikiria. Matende husababishwa na minyoo aina ya Wuchereria bancrofti, inayoenezwa na mbu na kuharibu njia za limfu. Ugawaji wa ivermectin pamoja na albendazole ulianza Mafia mwaka 2000, ukaenea ukanda wote wa pwani, na umepunguza sana maambukizi mapya. Dawa hizo huua minyoo michanga. Hazirudishi mguu uliokwisha kuvimba katika hali yake ya zamani. Kwa hiyo wapo wazee, na wengine si wazee, wanaoishi na mguu huo Kilwa Kivinje, Lindi mjini na vijijini, wakiwa wameambiwa kuwa kampeni imefanikiwa. Kwao, ahadi ya mkeka ina mvuto unaoeleweka.

Limfu haisukumwi na moyo. Husogezwa na misuli na kupumua, na sumaku haina jinsi ya kufungua njia zilizoharibiwa na minyoo. Kinachosaidia kinajulikana: kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, kukausha taratibu hadi katikati ya vidole, kutibu fangasi na mikwaruzo mapema, kuinua mguu wakati wa kupumzika, kuinua visigino na kuzungusha kifundo, na kuvaa viatu visivyobana. Utaratibu huo hupunguza vipindi vya homa na maumivu makali ambavyo ndivyo vinavyoongeza uvimbe. Gharama yake kubwa ni maji, na mahali ambapo ndoo ya maji hununuliwa hiyo si gharama ndogo. Mpango wowote wa huduma za nyumbani usioitaja haujakamilika.

Kwa ateri zilizoziba, mazoezi ya kutembea yana ushahidi zaidi kuliko kifaa chochote cha kuwekwa miguuni: nusu saa au zaidi, angalau mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12, mtu akitembea hadi maumivu yaanze, akipumzika, akaendelea. Kuacha sigara ni sehemu ya tiba hiyo. Mwenye ganzi asitembee peku, hasa kwenye mchanga wa pwani saa za jua kali.

Mamlaka na mipaka yake

Vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyochukua sura yake ya sasa mwaka 2019. Tiba asili na tiba mbadala zina baraza lake chini ya sheria ya mwaka 2002. Mkeka unaoitwa kifaa cha mazoezi asubuhi, tiba mbadala mchana na mashine ya hospitali jioni huponyoka katikati ya milango hiyo miwili. Ofisi ya kanda ya mamlaka iko Mtwara, na biashara yenyewe hufanyika sebuleni, kati ya jirani na jirani. Si haki kuilaumu ofisi kwa kutofika kila sebule. Ni haki kutarajia kwamba maelezo ya kifaa kilichosajiliwa na kisichosajiliwa yafike kwenye ubao wa kila kituo cha afya, kwa Kiswahili.

Mapendekezo

Kila mgonjwa wa kisukari avuliwe viatu katika kila hudhurio la kliniki, na matokeo ya mapigo na ya ganzi yaandikwe kwenye kadi yake. Pendekezo hili limetolewa katika semina nyingi na linarudiwa kwa sababu bado halijatekelezwa.

Timu za usimamizi wa afya za halmashauri zikague kadi hizo katika ziara za usimamizi, kama zinavyokagua rejesta nyingine. Kisichokaguliwa hakifanyiki.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kipimo cha kugusa vidole sita pamoja na dalili nne za kukimbiza mtu hospitali: mguu mmoja uliovimba ghafla, mguu wa baridi uliobadilika rangi, kidonda kwa mwenye ganzi, na uvimbe unaoambatana na kuhema.

Wenye kidhibiti mapigo ya moyo kifuani au pampu ya insulini mwilini wasitumie kabisa vifaa vya mapigo ya sumaku. Wajawazito, wenye kifafa na wanaotokwa damu wasivitumie bila ruhusa ya daktari. Mwenye ganzi asitumie mkeka unaopasha joto.

Anayekimiliki kifaa tayari asikemewe. Akikemewa atakificha, na mguu wake hautaonekana tena. Aulizwe anakitumiaje, azimiwe sehemu ya joto, aendelee na dawa zake, na mguu uangaliwe.

Halmashauri ziombe mamlaka husika orodha ya vifaa vilivyosajiliwa, na taarifa za madhara, yakiwemo malengelenge na kuungua, zitumwe kwa fomu zilizopo badala ya kusimuliwa tu kwenye vikao.

Huduma ya kuosha na kutunza mguu wa matende iendelee hata pale ugawaji wa dawa utakaposimama, sabuni na dawa za fangasi zikiwa katika bajeti ya zahanati.

Rufaa za mishipa ya damu zipangwe mapema. Mgonjwa wa Kilwa anayehitaji mtaalamu wa mishipa huelekezwa Dar es Salaam, na barabara ya kwenda huko ilikatika eneo la Somanga Mei 2024, wakati wa mvua kubwa na kimbunga Hidaya. Mguu uliogunduliwa ukiwa na ganzi tu unaweza kusubiri barabara itengenezwe. Ulioanza kuoza hauwezi. Kwa hiyo, kama ilivyosemwa katika pendekezo la kwanza, viatu vivuliwe.