Ziwa Dogo Nalo Linapumua

Mazungumzo mbele ya viongozi wa familia zilizohama na wenyeji waliowapokea, Kivu Kaskazini



Huenda mmoja wenu anajiuliza: mkutano wa amani na hewa inayotoka ziwani vinakutania wapi? Nitaeleza. Watu wanaamka asubuhi, baada ya usiku wa mvua na upepo, wanakuta samaki wanaelea juu ya ziwa dogo, wamekufa. Kabla ya saa sita mchana jina la mtu limekwisha kutajwa. Wenyeji wanasema: "Ni hawa waliokuja, wametia sumu." Waliokuja wanajibu: "Ni ninyi, mnatafuta sababu ya kutufukuza." Fimbo zinashikwa. Na hakuna hata mmoja aliyeliuliza ziwa lenyewe.

Basi leo tuliulize ziwa.

Chini ya ziwa kuna matope. Mvua inapopiga mlima uliokatwa miti, udongo unateremka pamoja na majani, mavi ya ng'ombe na uchafu wa vyoo. Ziwa linavipokea vyote kama shamba linavyopokea mbolea. Mimea midogo sana inazaa ndani ya maji mpaka yanageuka rangi ya kijani. Ikifa, inazama na kuoza. Kule kuoza kunamaliza oksijeni, ile hewa ambayo sisi na samaki tunaihitaji ili kuishi. Oksijeni ikiisha, vijidudu vingine visivyoihitaji vinaendelea na kazi ya kuozesha, navyo vinatoa gesi inayoitwa metani. Vile vipovu mnavyoviona watoto wakichokoza matope kwa mti, mara nyingi vina metani ndani yake. Ziwa hutoa pia gesi ya kaboni, ile tunayoitoa sisi tukipumua.

Sasa, usiku ule wa upepo, maji ya chini yaliyokosa oksijeni yanaweza kupanda na kuchanganyika na ya juu. Samaki wanakosa pumzi, wanakufa. Sikatai kwamba wako wavuvi wanaotumia sumu. Lakini si kila samaki aliyekufa ameuawa na jirani.

Gesi hizi mbili zinafunika dunia kama blanketi na kuzuia joto lisitoke. Kwa muda wa miaka 100, kilo moja ya metani hupasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kilo moja ya gesi ya kaboni. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani, Meredith Holgerson na Peter Raymond, walionyesha jambo la kushangaza. Vidimbwi vidogo kabisa, visivyofikia mita 1,000 za mraba, ni kama asilimia 9 tu ya eneo la maziwa na vidimbwi vyote vya dunia. Lakini vinatoa karibu asilimia 15 ya gesi ya kaboni ya maji hayo, na karibu asilimia 40 ya metani inayopenya usoni pa maji bila vipovu. Sababu ni kwamba maji yake ni machache na matope yako karibu, kwa hiyo gesi haina safari ndefu.

Msitoke hapa mkisema kwamba sisi ndio tunaochoma dunia. Chanzo kikubwa ni makaa ya mawe, petroli na gesi vinavyochomwa na viwanda, magari na mitambo ya umeme.

Iko hewa nyingine, ambayo haitoki katika matope bali katika volkano. Tarehe 21 Agosti 1986, huko Kameruni, Ziwa Nyos, ambalo eneo lake halifiki kilomita 2 za mraba, lilitapika usiku gesi ya kaboni iliyokuwa imejaa chini. Gesi ikateremka mabondeni, ikaua watu wapatao 1,700 na maelfu ya mifugo. Walionusurika walihamishwa, wakawa wahamiwa kama sisi. Uvumi ukaenea kwamba ni bomu la siri. Wataalamu walipima maji, wakajua sababu, na mwaka 2001 bomba likawekwa ili kutoa gesi hiyo kidogo kidogo. Elimu iliweka bomba. Uvumi haukuokoa hata mbuzi.

Sisi wa Goma tunayo mazuku. Waliokaa Mugunga na Bulengo, karibu na lile ziwa dogo la Lac Vert, kabla kambi hazijavunjwa mwanzo wa 2025, wanaijua vizuri. Mazuku nayo ni gesi ya kaboni ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, hulala kwenye mashimo, wala huioni. Mtoto akifa shimoni bila jeraha, msimwite bibi yeyote mchawi.

Nawaachia kazi tatu.

Kwanza, samaki wakifa au mtu akianguka bila sababu inayoonekana, viongozi wa pande zote mbili waende pamoja kuangalia, kabla jina la mtu halijatajwa. Waulize: je, jana kulikuwa na mvua na upepo? Maji yana rangi gani? Samaki hao wasiliwe wala kuuzwa mpaka sababu ijulikane.

Pili, msijenge wala kulala penye shimo la mazuku. Mkiona ndege au panya waliokufa huko, wekeni alama. Na mwenzako akianguka ndani, usimfuate mbio, kwa maana utaanguka naye. Ita watu, mumvute kwa kamba au mti mrefu.

Tatu, vyoo vichimbwe mbali na maji, na ukingo wa ziwa uachiwe majani na miti, ili udongo usiingie. Kazi hiyo mgawane, mwenyeji na mhamiwa jembe kwa jembe. Uchafu unaolisha metani ndio huohuo unaoweza kutuletea kipindupindu.

Ndugu zangu, tumekwisha kukimbia risasi. Tusikimbiane tena kwa sababu ya hewa ambayo hakuna jirani aliyeituma.