Marisaa Yaliyomkosa Njiwa: Mazungumzo na Wenye Bunduki wa Namakwekwe



Tumepokea malalamiko ya pande mbili. Wenye mashamba katika bonde la Namatala wanasema njiwa mwitu na tetere wanamaliza mbegu zao. Jirani zao wanasema marisaa yanawaangukia wakiwa kazini. Pande zote mbili zina haki, na dawa ya malalamiko yote mawili ni moja: shabaha njema.

Nianze na sheria kwa ufupi. Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inamtaka kila mwenye bunduki awe na cheti halali, na bunduki ya marisaa, ile tunayoiita shotigani, haikusamehewa. Tena cheti cha silaha si ruhusa ya kuwinda. Ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, na kibali hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Asiye na karatasi zote mbili, bunduki yake ibaki chini ya kufuli. Na hapa mtaani kwetu, ambapo nyumba zimesongamana, hapafai kufyatua hata kwa mwenye karatasi zote.

Sasa tuingie katika shabaha yenyewe. Wengi hudhani shotigani haihitaji kulenga kwa kuwa hutawanya. Ni kweli kwamba risasi moja hubeba punje zaidi ya 200, lakini kadiri zinavyokwenda mbali ndivyo zinavyoachana. Zikipita mita 35 hivi, njiwa anaweza kupita katikati yake salama, au akajeruhiwa akafia vichakani bila faida kwa mtu. Kwa hiyo jifunze umbali kabla ya kujifunza kulenga. Pima shambani hatua 30, simika mti hapo, na ndege aliye ng'ambo ya mti huo mwache aende zake.

Pili, ijue bunduki yako. Mahali palipoidhinishwa, tundika karatasi pana umbali wa mita 30, weka alama katikati, ufyatue, kisha uhesabu matundu. Wapo waliokosa ndege miaka mingi wakailaumu risasi, kumbe bunduki yao hupiga juu ya alama au kando yake.

Tatu, lijue jicho lako. Fumbua macho yote mawili, elekeza kidole kwenye kitu kilicho mbali, kisha fumba jicho la kushoto. Kidole kikibaki palepale, jicho lako la kulia ndilo linaloongoza, na bunduki ikae bega la kulia. Kikihama, mwombe mwalimu wa shabaha akushauri. Kitako kikae imara begani na shavu liulalie mti wa bunduki kila mara, kwa maana anayeinua kichwa ili amtazame ndege hupitisha risasi juu yake.

Nne, mfuate ndege. Njiwa akiruka kasi ya kilomita 60 kwa saa, ukimpiga kutoka mita 35 atakuwa amesogea karibu mita mbili kabla marisaa hayajamfikia. Anayemlenga alipo hupiga nyuma ya mkia wake. Anza nyuma yake, mpite kwa mtutu, fyatua, wala usisimamishe mkono baada ya kufyatua. Kusimamisha mkono ndilo kosa kubwa la wapigaji wengi. Miguu nayo igeuke pamoja na kiwiliwili.

Ndugu zangu, marisaa yaliyomkosa njiwa hayapotei. Punje ndogo ya kuwindia ndege huweza kuruka zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka. Ikianguka kutoka juu haina nguvu nyingi. Ikienda sambamba na ardhi, hutoboa jicho la mtu. Nasi sote tunajua ni nani wanaokaa katika mashamba ya mpunga, hapa bondeni na kule Doho, Butaleja: ni watoto wetu, wenye makopo na kombeo, wanaofukuza ndege tangu alfajiri. Mtoto ameinama nyuma ya mpunga, nawe humwoni. Njiwa anapita chini, nawe unamwona yeye peke yake.

Kwa hiyo piga ndege aliye juu tu, mwenye mbingu nyuma yake. Aliye chini, mwache. Usiyemtambua, mwache pia: huenda ni njiwa wa kufugwa wa jirani, au korongo mwenye taji, ndege wa nembo ya taifa letu, ambaye hushuka katika mabwawa hayo. Kabla ya kuingia shambani, mpe taarifa mwenyekiti wako na jirani zako, ili watoto waondolewe. Kabla ya kuvuka mfereji, toa risasi bundukini.

Mpigaji hodari hupimwa pia kwa wale ndege aliowaacha wapite. Mbegu iliyoliwa hupandwa tena. Jicho la mtoto halipandwi.

 Kwa Mungu na Nchi Yangu.