Gede na Msitu Wake

Msikilizaji, ukitoka Mombasa kwenda Malindi, kabla hujafika njia panda ya Gede, msitu unakuandama mkono wa kushoto kwa muda mrefu. Abiria wengi hapo ndipo wanaposinzia. Huo ni Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, kipande kikubwa kuliko vyote kilichosalia cha msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Mwendo mfupi kutoka hapo, upande wa baharini, yapo magofu ya Gede. Leo nasema na walimu wanaopanga ziara za shule, na wazazi wanaozilipia: msiwapeleke watoto Gede mkawanyima msitu.

Ziara zetu tunazijua. Basi linafika jua limeshakuwa kali, watoto wanazungushwa msikiti mkuu na jumba la mfalme, wanapigwa picha pamoja na kima, kisha mbio hadi ufukweni Watamu. Wanaondoka wakidhani wameona mawe tu. Kumbe ule ulikuwa mji wa Waswahili, uliostawi hasa karne ya 15, wenye visima, misikiti na nyumba zenye vyoo vya ndani. Kaburi moja limechongwa tarehe yake, mwaka wa 802 wa Hijria, yaani 1399. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimbua mwaka 1948, alikuta vyombo vya kaure kutoka China na shanga za Venice. Hata nyumba zikaitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake. Iko Nyumba ya Mkasi. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huu katika urithi wa dunia.

Lakini mji wa mawe haujengwi kwa mawe pekee. Chokaa haichomwi bila kuni, na dari haishiki bila boriti. Watu wa Gede waliishi kwa miti, na walipohama katika karne ya 17, miti ikarudi ikaota vyumbani mwao. Mtoto asiyeingia msituni hawezi kuelewa mji huu uliishi kwa kitu gani.

Na humo msituni asiingie bila kiongozi wa hapo hapo. Nimewahi kusimama kwenye kichaka kikavu, kiongozi akaninyooshea kidole, nami nisione kitu ila majani makavu. Hata jani moja likafumbua jicho. Bundi wa Sokoke, mdogo wa kuenea kiganjani, ametulia ubavuni mwa mwenzake. Sisi wa Pwani bundi tunamwita ndege wa nuksi. Huyu watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumwona, kwani mbali na hapa anapatikana sehemu chache tu, kama kule Usambara, Tanzania. Vijana wa vijiji vya jirani ndio wanaojua analala wapi. Ndio pia wanaojua kusikia sange, yule mnyama mdogo mwenye makalio ya rangi ya dhahabu akichakura majani chini ya miti, kabla hajatimka.

Elimu hiyo ina thamani ya pesa, na sioni haya kulisema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wengi waliopakana na msitu walitaka ufyekwe, wagawiwe mashamba. Siwalaumu, tembo walikuwa wakila mahindi yao, na msitu haukuwapa kitu. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo, wenye makao yake pale pale penye magofu ya Gede. Mkulima hukamata vipepeo majike, akalea viwavi nyumbani kwa majani ya miti ya asili, kisha akauza vifukofuko, navyo husafirishwa hadi Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mti uliosimama ukaanza kulipa karo.

Kwa hiyo, walimu wakuu, ziara iwe ya siku nzima. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi watoto wawe langoni mwa msitu, maana ikipita saa tatu ndege wengi hunyamaza. Ombeni kiongozi ofisini, mlipeni haki yake bila kumbana bei, na watoto wawe makundi madogo, maana darasa zima halimwoni bundi. Gede mwende baadaye, vivuli vyake vinatosha hata saa sita mchana. Kabla ya kutoka, ingieni pale Kipepeo, mtoto akione kifukofuko kwa karibu, na aambiwe kimetoka kwenye boma la nani.