TUKIBADILISHIWA PROGRAMU ZA AFISI, TUDAI NINI?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wajumbe wa makarani katika mafunzo ya tawi. Tumeyapiga chapa kwa kuwa wanachama wengi waliokosa kuhudhuria wameyataka.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo linaloingia katika afisi nyingi siku hizi. Tajiri huamka siku moja akatangaza: "Kuanzia mwezi ujao hatutumii tena programu za kununua. Tutatumia za bure." Baadhi yetu hufurahi, baadhi huogopa. Mimi nasema tusifurahi wala tusiogope kabla ya kujua kitu chenyewe ni nini.

Nitaanza na habari niliyoiona kwa macho yangu. Katika afisi moja niliyofanya kazi, makarani walitoka Ijumaa jioni wakiwa na programu waliyoizoea miaka kumi na miwili. Jumatatu asubuhi wakakuta nyingine. Hakuna aliyefundishwa hata saa moja. Dada mmoja wa mishahara alikuwa na jedwali lake la kuhesabu saa za ziada, na ndani yake mlikuwa na maagizo ya kujiendesha yaliyoandikwa kwa lugha ya ile programu ya zamani. Katika programu mpya maagizo yale hayakwenda. Alihesabu kwa mkono usiku wa siku tatu, na watu arobaini wakapata mishahara pungufu. Je, aliyeandikiwa barua ya onyo alikuwa nani? Si yule aliyetoa amri siku ya Ijumaa. Alikuwa ni dada yule. Chama kilipambana wiki sita mpaka barua ikaondolewa katika faili lake.

Sasa ndugu zangu, sikilizeni vizuri. Programu ile mpya haikuwa mbaya. Mpaka leo naitumia mwenyewe nyumbani. Ubaya ulikuwa katika namna ya kubadilisha. Tukichanganya mambo hayo mawili tutapigana na adui asiyekuwapo, na yule aliyepo atapita mlangoni.

KITU CHENYEWE NI NINI

Wengi husikia "programu ya bure" wakadhani jambo kubwa ni bei. Jambo kubwa ni kipimo. Wanachama wetu wa reli wataelewa upesi. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Reli ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017 ina milimita 1,435. Behewa la reli moja halipiti juu ya nyingine, na mzigo hauna budi kuteremshwa na kupakiwa tena. Hiyo ni taabu, lakini walau vipimo vyote viwili vinajulikana. Kiwanda chochote duniani kinaweza kuviunda. Sasa fikirini reli ambayo upana wake ni siri ya kiwanda kimoja. Kila behewa mtanunua kwake, kwa bei yake, na siku akisema yale ya zamani hayatengenezi tena, hamna la kufanya.

Ndivyo zilivyokuwa barua zetu za afisi kwa miaka mingi. Maneno ni yetu, lakini namna yalivyofungwa ndani ya faili ilijulikana kwa mwenye programu peke yake. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ili kuondoa taabu hii, mwezi wa Mei 2005 shirika liitwalo OASIS lilitoa kiwango cha wazi cha mafaili ya afisi, kiitwacho ODF. Mwaka 2006 shirika la viwango la dunia, ISO, likakikubali kwa namba 26300. Ukiona faili limeishia na odt ni barua, na ods ni jedwali. Mtu yeyote anaweza kusoma kanuni zake na kuunda programu ya kulifungua, wala halipi mtu ada. Microsoft nayo ilipeleka kiwango chake, kikakubaliwa mwaka 2008 kwa namba 29500 baada ya mabishano makubwa. Kwa hiyo msidanganywe kwamba mambo haya ni ya watoto wa chuo tu.

Na programu yenyewe? Ilianza Ujerumani kwa jina StarOffice. Mwaka 1999 kampuni ya Sun ya Marekani ikainunua, mwaka 2000 ikawafungulia watu wote siri zake, na kukatoka OpenOffice. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, mafundi wengi walijitenga na kuanzisha LibreOffice. Nasi watu wa Kiswahili tumo katika habari hii. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na mafundi kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, ambayo karani aliweza kuitumia kwa Kiswahili. Hawakumwomba mwenye programu ruhusa, kwa kuwa hapakuwa na wa kuombwa.

WALIOTANGULIA

Tutazame waliotangulia, waliofaulu na walioshindwa.

Mwaka 2008 kampuni ya IBM ilitoa programu yake ya afisi iitwayo Lotus Symphony, iliyotumia ODF. Septemba 2009 gazeti la Kijerumani Handelsblatt likaandika kwamba IBM imewaagiza wafanya kazi wake wapatao 360,000 waitumie mahali pa Microsoft Office. Mwaka 2012 ikatoka Symphony ya mwisho, kisha basi. Shikeni jambo hili: programu ilikufa, lakini barua zilizowekwa kwa kiwango cha wazi hazikufa pamoja nayo. Zafunguka leo katika programu nyingine.

Askari wa Gendarmerie wa Ufaransa walianza mwaka 2005. Walibadilisha kwanza programu ya kuandikia, halafu ya kutazamia intaneti na ya barua, na mwaka 2008 ndipo wakaanza kubadilisha mfumo wenyewe wa kompyuta. Walikwenda hatua kwa hatua, na hawakurudi nyuma.

Mji wa München, Ujerumani, uliamua Mei 2003 kuhamisha kompyuta zipatazo 14,000. Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati ule, alikatiza likizo yake akaenda kuonana na meya Christian Ude. Mji haukugeuka. Kazi ilichukua miaka kumi. Lakini Novemba 2017, chini ya meya mwingine, baraza lilipiga kura kurudi Windows. Mji wa Freiburg ulianza mwaka 2007, ukakata tamaa mwaka 2012. Huko makarani walibaki na programu mbili upande kwa upande, na mafaili yakipelekwa huku na huku yakiharibika njiani.

Na bado wengine wanajaribu. Aprili 2024 serikali ya jimbo la Schleswig-Holstein, huko huko Ujerumani, ilitangaza kuhamisha kompyuta 30,000 kwenda LibreOffice. Kwetu pia matajiri wana sababu ya kutazama upande huo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuzitunza Office za 2016 na 2019, hata na Windows 10. Mwenye kompyuta za zamani ana njia mbili: anunue upya, au ahame.

KARANI ATAONA NINI MEZANI

Ataona barua aliyoipanga katika ukurasa mmoja imeingia katika kurasa mbili. Hilo si uchawi. Mara nyingi ni kwa sababu aina ya herufi iliyotumika, kama Calibri, haimo katika kompyuta mpya. Kuna aina iitwayo Carlito iliyopimwa sawa sawa na Calibri. Fundi akiitia, barua hurudi mahali pake. Ataona jedwali lenye maagizo ya kujiendesha limekwama, kama la dada yetu. Hilo ni zito zaidi, na fundi hana budi kuyaandika upya maagizo hayo. Tena ataona vitufe vimehama. Kwa majuma machache ya kwanza atakuwa mzito, hata kama alikuwa hodari wa afisi nzima. Hapo ndipo penye hatari, maana mzito huitwa mvivu, na karani mwenye umri huambiwa amepitwa na wakati.

TUDAI NINI

Kwa hiyo nashauri kila mjumbe, akisikia fununu ya mabadiliko, asingoje Jumatatu asubuhi. Aombe mkutano na tajiri, na mezani aweke madai haya:

1. Makarani waulizwe kwanza. Wao ndio wajuao jedwali gani hulipa mishahara na fomu gani hutumwa kila mwezi.

2. Mafundisho yatolewe saa za kazi, kwa gharama ya tajiri. Asiyekuwa na kompyuta nyumbani asilaumiwe kwa kukosa kujifunza usiku.

3. Majedwali ya mishahara yapimwe kabla. Mishahara ya mwezi mmoja ihesabiwe kwa programu zote mbili, na hesabu zikilingana ndipo ya zamani iondolewe.

4. Kuwe na muda wa kuzoea, nao uandikwe kwa majuma. Katika muda huo asiandikiwe mtu onyo kwa uzito wala kwa kosa litokanalo na mabadiliko.

5. Mafaili yawekwe kwa kiwango cha wazi tangu siku ya kwanza. Kubadilisha programu na kuendelea kuweka kila kitu kwa namna ya zamani ni kuhama nyumba na kuacha vyombo.

6. Fedha zilizookolewa katika leseni zionyeshwe, na sehemu yake iende katika mafundisho na fundi wa kudumu. Programu ni ya bure, kuhama si bure. Tajiri akisema hana fedha za kufundisha, basi hajawa tayari kuhama.

7. Asipunguzwe mtu kwa kisingizio cha programu. Kama tajiri anataka kupunguza watu, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chamtaka akiarifu chama na afisa wa kazi kwa muda usiopungua mwezi mmoja, aeleze sababu na kiasi, na alipe malipo ya kuachishwa yasiyopungua siku kumi na tano kwa kila mwaka uliotimia. Programu mpya haifuti sheria.

TUANZE NYUMBANI KWETU

Ndugu Mwenyekiti, kabla sijaketi ni lazima niseme juu yetu wenyewe. Mzee mmoja mwanachama alipostaafu alinyimwa sehemu ya bahashishi yake. Tajiri alisema mapatano ya zamani hayakuwa na kifungu hicho. Sisi tulijua kimo. Nakala ya karatasi ilikuwa imeliwa na mchwa. Faili lilikuwapo, lakini lilipigwa kwa programu ambayo aliyeitengeneza alikwisha acha kuiuza, na kompyuta yetu ililikataa. Mzee yule alikuja mlangoni mara tano, kofia mkononi, na mara tano tukamwambia "rudi kesho". Ni kijana mmoja wa afisi aliyelifungua, kwa LibreOffice. Kifungu kilikuwamo, ukurasa wa saba. Mzee akalipwa. Lakini niulize: kama kijana yule asingekuwapo siku ile?

Haifai tumdai tajiri afungue milango na sisi wenyewe tumejifungia ndani. Natoa shauri kwamba tawi hili liweke mapatano yote, orodha ya wanachama na hesabu za ada kwa kiwango cha wazi, pamoja na nakala ya PDF kwa yale yasiyobadilishwa, na nakala moja ya karatasi mahali pasipo na mchwa. Kazi hiyo ni ya majuma mawili kwa makarani wawili. Mimi najitolea kuwa mmoja. Namtafuta wa pili humu ndani.

Haraka haraka haina baraka, lakini kukaa tu hakuna baraka pia. Na kidole kimoja hakivunji chawa.