Nyuma ya Paji la Uso



Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikiitumikia, palikuwa na mtunza hazina wa kigango, mtu mpole, aliyezihesabu fedha za sadaka mara tatu kabla ya kuziandika. Siku moja alianguka kutoka juu ya lori la mahindi, akaumia vibaya paji la uso. Alilazwa majuma matatu, kisha akarudi nyumbani akitembea na kusema vizuri kabisa. Tukatoa Misa ya shukrani.

Ndipo yalipoanza mambo. Alimtukana mwenyekiti wa kigango mbele ya watoto. Alitumia karo ya binti yake kununua redio tatu kwa siku moja. Alicheka kwa sauti msibani. Mkewe alinijia akilia, nami nilimjibu kwa haraka kwamba mumewe ameacha sala, na bila shaka anakunywa kwa siri. Nikamwondoa katika kazi, na Dominika iliyofuata nikahubiri juu ya kiburi, kila mtu kanisani akijua namsema nani.

Kosa langu nililitambua baadaye, niliposoma habari za mtu wa Marekani aitwaye Phineas Gage. Huyu alikuwa msimamizi wa vibarua waliopasua miamba ili kupitisha reli karibu na mji wa Cavendish, katika jimbo la Vermont. Alikuwa na miaka 25, mchapakazi, mtu wa kutegemewa. Tarehe 13 Septemba 1848 alikuwa akishindilia baruti katika tundu la mwamba, baruti ikalipuka, na mtaimbo wake ukaruka kama mshale. Chuma hicho kilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6 hivi. Kiliingia chini ya mfupa wa shavu la kushoto, kikapita nyuma ya jicho, kikatokea utosini. Gage hakufa. Baada ya muda mfupi alisema, akaketi katika mkokoteni wa ng'ombe, akapelekwa mjini.

Daktari John Harlow aliyemtibu aliandika kwamba mwili ulipona, ila jicho moja halikuona tena. Lakini tabia ilibadilika. Alikuwa mwenye matusi, asiyevumilia shauri lililopinga tamaa yake, mwenye kupanga mambo mengi na kuyaacha yote. Rafiki zake walisema huyu si Gage waliyemjua, na waajiri wake hawakumrudishia kazi yake.

Kumbe, ndugu zangu, sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ina kazi ya pekee. Mama anaipua sufuria ya uji, kitambaa kinateleza, vidole vinaungua. Mkono unataka kuiachia palepale. Lakini mtoto anatambaa miguuni pake. Basi mama anauma meno, anapiga hatua mbili, anaitua sufuria mahali salama. Katika hatua hizo mbili sehemu ile ya mbele imefanya kazi kubwa: imeshika lengo lisipotee, imezuia tendo lililokuwa tayari kutokea, imechagua lingine. Haifanyi kazi peke yake, kwa maana imeunganishwa na sehemu nyingine nyingi za ubongo; lakini ikiumia, mtu aweza kubaki na kumbukumbu na maneno yake yote, asiweze kujitawala.

Wataalamu wana jaribio moja la karata. Mgonjwa anazipanga kwa rangi, anaambiwa ni sawa. Kisha kanuni inabadilishwa kimya kimya, sasa zipangwe kwa umbo. Mtu mzima wa afya hukosea kidogo, halafu hugeuka. Baadhi ya walioumia sehemu ya mbele huendelea kupanga kwa rangi, wakiambiwa kila mara kwamba wamekosea. Na wako waliosema kwa vinywa vyao kwamba wanakosea, huku mkono ukiiweka karata palepale pa zamani. Niliposoma hayo nilimkumbuka Mtume Paulo anavyowalilia Warumi habari za kutenda asilolitaka. Sisemi kwamba Paulo alikuwa mgonjwa. Nasema tu kwamba kati ya kujua na kutenda kuna daraja, na daraja laweza kuvunjika.

Hata makatekista wanaofundisha vijana wa Kipaimara yawafaa kujua kwamba sehemu hii huchelewa kukomaa kuliko nyingine, hata kupita miaka 20. Pombe huidhoofisha, na kukosa usingizi pia.

Je, basi hakuna dhambi tena? La hasha. Wengi wetu tunaotukana tuna ubongo mzima kabisa. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1735, inafundisha kwamba wajibu wa mtu kwa tendo lake waweza kupungua, hata kuondolewa, kwa sababu mbalimbali, zikiwamo za nafsi. Kumwondoa mtu yule katika hazina hakukuwa kosa. Kosa langu lilikuwa kuliita jeraha kiburi.

Habari za Gage zina sehemu ya pili isiyosimuliwa sana. Mwaka 1852 alikwenda Chile, akafanya kazi kwa miaka kadhaa ya kuendesha gari la abiria lililokokotwa na farasi. Baadhi ya wachunguzi wa siku hizi wanaona kwamba ratiba ya kila siku, saa ileile, njia ileile, ilimsaidia kurudisha sehemu ya utu wake uliopotea. Alifariki mwaka 1860, baada ya kushikwa na kifafa.

Nilikwenda nyumbani kwa mtunza hazina wetu kuomba radhi. Yeye alicheka, akaniuliza kama nimeleta sukari. Mkewe akasema, "Baba Padre, radhi tumekupa. Sasa nisaidie siku yake iwe na mpango." Tukaandika kwa herufi kubwa, tukabandika ukutani: kuamka, kuteka maji, kulisha mbuzi, na saa sita mchana kengele ya Malaika wa Bwana. Mpaka nahamishwa parokia ile alikuwa bado anamtukana mwenyekiti mara kwa mara. Kengele haikuchelewa.