Meli Iliyokwenda Kurudi

Hotuba ya katibu wa safari mbele ya mkutano wa ukoo, Alexandra, Johannesburg



Mwenyekiti amenipa dakika chache nitoe taarifa ya safari ya meli ya Desemba 2023. Hesabu za fedha mtazipata kwa mhazini. Mimi nitasema yale yasiyoingia katika hesabu.

Mnakumbuka wazo lilivyoanza. Sisi ni watu wa Ziwa Tanganyika, lakini wazee wetu walipopanda chombo mara ya mwisho pamoja hawakupanda kwa starehe. Oktoba 1996, vita vilipofika Uvira, walivuka ziwa usiku kwenda Kigoma, na baadhi yao wakaishia katika kambi ya Nyarugusu. Nikashauri kwamba safari hii tupande meli kwa furaha: wa Ubelgiji, wa Kanada, wa Nairobi na wa hapa Afrika Kusini. Mliniunga mkono, mkachanga kwa miezi 14.

Meli iling'oa nanga Durban kwa safari ya siku nne, ikielekea kisiwa kidogo karibu na Inhaca, mlangoni pa ghuba ya Maputo. Pale meli kubwa haifungi gati. Abiria hushushwa kwa mashua, na bahari ikichafuka nahodha huzuia. Siku yetu bahari ilichafuka. Tulikitazama kisiwa kwa mbali mchana kutwa, kisha tukageuza. Chakulani tuligawanywa zamu mbili, ndugu wa tumbo moja wasionane mezani. Mjomba wetu wa Ubelgiji alitapika siku mbili mfululizo. Watoto tuliwaona wakati wa kulala tu. Hayo yote yanasameheka, na leo asubuhi nimewasikia mkiyacheka.

Lisilochekesha ni habari ya baba mdogo, mwenye ua huu tulioketi.

Alifika Alexandra mwaka 2003. Mnamo tarehe 11 Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianza papa hapa, yakaenea nchini, na watu zaidi ya 60 wakauawa. Jirani yake alimficha chumbani mwake kwa siku tatu. Jirani huyo ameketi nasi leo, nasi tunamshukuru tena. Baba mdogo hakuhama. Desemba ile ni yeye aliyetupokea sote, akatulaza kwenye magodoro ya kuazima, akakodi basi dogo kututeremsha hadi Durban, mwendo wa kilomita 570 hivi.

Pale bandarini kila mtu alitoa pasipoti. Yeye alitoa karatasi yake ya mwombaji hifadhi, ambayo ameihuisha mara nyingi kuliko awezavyo kukumbuka. Kwa sheria ya nchi hii, mwombaji hifadhi akivuka mpaka bila idhini ya serikali, kibali chake hukoma. Meli inayokwenda Msumbiji imevuka mpaka, hata kama itarudi bandari ile ile. Afisa hakukosea. Aliyekosea ni mimi. Fomu niliyowatumia iliuliza mtu anakula nini na anapenda chumba cha namna gani. Haikuuliza ana hati gani. Naye baba mdogo alidhani, kama ambavyo wengi wangedhani, kwamba meli itokayo Durban na kurudi Durban haijamtoa mtu nchini.

Ndugu zangu, mnajua ni nani aliyekuwa amemshika mkono pale foleni. Bibi alikuwa ametoka Uvira kwa ajili yake, baada ya kutengana miaka 20. Ruhusa yake ilikuwa ya siku 14. Bibi alitaka kubaki. Baba mdogo akamwambia, "Nenda, Mama. Watoto wamekwisha kulipa." Na sisi, badala ya kumwacha mama na mwanawe, tukamsihi bibi apande. Mimi mwenyewe nilibeba mkoba wake.

Siku ya pili nilimkuta ameketi kitandani, viatu miguuni, kama mtu anayengoja kuitwa. Akaniuliza, "Meli hii inakwenda wapi?" Nikamjibu, "Inakwenda kurudi, Bibi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kwa nini tulimwacha?"

Sikuwa na jibu. Baba mdogo alitungoja Durban siku zote nne, akilala ndani ya basi. Bibi alirudi Uvira wiki iliyofuata, na mwaka 2024 akafariki dunia. Baba mdogo hakuweza kwenda kumzika, kwa sababu ile ile iliyomzuia kupanda meli.

Wazee wa mtaa huu walikwisha kutufundisha. Januari 1957, nauli ya basi kutoka Alexandra ilipopanda kutoka peni nne hadi peni tano, peni moja ilitosha kumwelemea maskini. Basi maelfu walikataa kupanda, wakiwamo walioweza kulipa. Walikwenda mjini kwa miguu, takriban kilomita 15, na jioni wakarudi hivyo hivyo, kwa majuma mengi. Neno lao lilikuwa "Azikwelwa", maana yake mabasi hayapandwi. Kama asiyejiweza hapandi, hapandi mtu. Sisi tulipanda.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Kwanza, msamaha wako, baba mdogo, mbele ya watu wote, kwa kuwa kosa lilitendeka mbele ya watu wote. Pili, nauli yako haikurudishwa. Nimemkabidhi mhazini fedha hizo kutoka mfukoni mwangu asubuhi hii, nami nakusihi uzipokee. Tatu, kabla hatujataja mji wa mkutano ujao, tuwaulize kwanza wenye hati chache kuliko wote wanaweza kufika wapi. Tuanze na wenzetu wa Nyarugusu, ambao hawatoki kambini bila kibali. Mwenye pasipoti ndiye amfuate asiye nayo.

Tumekutana leo katika ua mwembamba, sufuria ziko nje, na mvua inatishia. Lakini nimehesabu vichwa, na safari hii mwenyeji wetu yumo.