Sepetu Nyuma ya Bunduki



Mzee akisema, "Nilikuwa vitani," sisi hudhani kwamba alipiga bunduki mchana kutwa. Leo napenda kuwakumbusha kazi nyingine ya askari, ambayo aghalabu haikupewa nishani.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni, 1940. Mwezi wa Julai ikaitwaa Moyale, na mto wetu ukawa kama boma la nchi. Kambi zikapigwa Garissa na Bura, wakaja askari wa K.A.R., wa Nigeria, na wa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo.

Maisha yao yalikuwaje? Walifyeka vichaka, wakatengeneza barabara, wakapakia na kupakua malori, wakachota maji. Jua likichwa, mbu wa mtoni nao huanza zamu yao. Nanyi mwaijua nchi ile: kutoka Tana hata Juba hapana mto utiririkao mwaka mzima. Kwa hiyo maji yalipelekwa kwa malori. Lori moja likikwama mchangani, kikosi kilichoko mbele hulala na kiu. Basi, uhai wa mwenye bunduki ulikuwa mikononi mwa mwenye sepetu.

Mwaka 1941 jeshi likasonga mbele. Kismayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Ulimwengu ulistaajabia mbio hizo. Walakini barabara haikujitengeneza yenyewe.

Katika vita ile Kenya ilitoa Waafrika zaidi ya 90,000. Wengi walirudi wakijua kuendesha gari, kushona, au kusoma. Lakini baada ya vita askari wa Kizungu walipewa mashamba, na mwenzao Mwafrika hakupewa. Jambo hilo liliwauma, nasi haitupasi kulificha.

Mjini Nairobi zipo sanamu zilizosimamishwa mwaka 1928 kwa ukumbusho wa vita ya kwanza. Mmoja wa watu wale watatu ni mpagazi, naye amesimama sawasawa na wenye bunduki. Hivyo ndivyo ipasavyo.

Kwa hiyo nawasihi: tafuteni sandukuni cheti cha jeshi cha babu. Andikeni jina lake, kikosi chake, na kazi aliyoifanya. Asiyeandikwa husahauliwa, na mto haurudishi maji yaliyokwisha kupita.